Chenga Kwenye Karavani ya Mama Tuli

Ndugu zangu, wa nyuma sogeeni mbele kidogo. Leo sauti yangu imekauka, na hata ingekuwepo, jambo ninalotaka kuwasimulia si la kupigiwa kelele.

Kulikuwa na dereva mmoja wa greda. Greda mnaijua, ile mashine ndefu ya njano yenye kisu tumboni, inayosawazisha barabara kabla ya lami. Mtu huyu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja. Kambini walimwita Baba Tuli, kwa jina la binti yake wa pekee, Tulinagwe, na mke wake walimwita Mama Tuli. Na mimi nitawaita hivyo hivyo.

Sasa, mtu wa barabara hana mtaa. Barabara ikisogea, naye anasogea. Kampuni iliwapa karavani, yaani nyumba yenye magurudumu inayovutwa na gari: kitanda upande huu, jiko la gesi upande ule, meza ya kukunja katikati, na juu ya miguu ya kitanda rafu ya televisheni. Tuli aliota meno karavani ikiwa Makete, akatembea ikiwa Tunduru, na alipoanza shule ya bweni ilikuwa imefika Kibondo. Mama Tuli alikuwa akisema, "Wenzangu wanapanda maua nje ya nyumba. Mimi yangu yako kwenye kopo la rangi, maana lazima yapande gari." Lakini alisema akicheka. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

Mwaka ninaousimulia, kambi ilikuwa kwenye tambarare za Singida. Asubuhi moja Mama Tuli alikuwa anaanika nguo, akaanguka chini na beseni lake. Kiharusi. Walimlaza hospitali wiki mbili. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia umelala, na yale maneno mengi yakawa yamekwama. Si kwamba yaliisha, ndugu zangu, msikie vizuri. Yalikuwepo yote, kichwani mwake, kamili. Ila kila moja lilichukua muda mrefu kutoka, na lilitoka limevunjika.

Ndugu wa Rungwe walisema aletwe nyumbani. Akatikisa kichwa. Alitaka kuwa na mume wake. Basi Baba Tuli akamwomba msimamizi wake afanye kazi mpaka saa sita tu, na mchana wote awe na mkewe. Asubuhi jirani alikuwa akichungulia mara mojamoja, na televisheni ikawa mwenzake. Mchana akirudi, mume alifanya kila kitu kwa mikono yake. Alimwogesha. Alimgeuza ubavu huu na ule asipate vidonda. Alimsuka nywele, mistari ikaenda kila upande kama barabara isiyopimwa, na wanawake wa kambi walipotaka kuzifumua wamsuke vizuri, mama akatikisa kichwa tena. Zikae hivyo hivyo.

Na alimsemesha, maskini. Daktari alikuwa amemwambia, "Msemeshe, asikae kimya." Basi akawa anaongea yeye, na anajibu yeye. "Umelala vizuri? Ee, naona umelala vizuri. Unasikia baridi? Hapana, leo kuna jua." Mama akifungua mdomo, akatoa sauti ya kwanza, "Mm... mmm...", mume alishainuka: "Maji? Nakuletea, mke wangu, usijisumbue." Na kweli alileta maji. Naye mama aliyanywa, kwa kuwa yalikuwa yameshaletwa.

Mnalaumu? Mimi silaumu. Alikuwa anamhurumia. Aliona jasho linavyomtoka akitafuta neno moja, akaona bora amwondolee mzigo huo.

Sasa Tuli alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi, na mahafali yalikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama asingeweza kukaa kwenye gari kwa muda wa saa nane. Baba asingeweza kumwacha. Lakini chuo kilikuwa kimetangaza kwamba sherehe zitaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Tuli akapiga simu, baba akaweka simu sikioni kwa mama. "Mama, nitakaa safu ya pili kutoka mbele. Nikiona kamera inapita nitakupungia mkono. Uniangalie, mama." Mama alilia kwa jicho moja, maana ndilo lililokuwa likitii.

Kambini hapo televisheni haikuwa shida. Ofisi ilikuwa na dishi kubwa, na kutoka hapo waya wa kebo ulipita juu ya nguzo mpaka kwenye kila karavani, ukaingia kwenye tundu lake ubavuni. Picha ilikuwa safi kama maji ya chujio.

Mpaka Jumanne ya wiki ile ile. Mchana Baba Tuli alifanya usafi, akafagia, akapangusa rafu juu na chini kwa kitambaa chenye maji. Alipowasha televisheni, chenga. Chenga tupu, na ndani yake kivuli cha mtu anayesema kwa sauti ya kukaanga.

"Aa," akasema. "Itakuwa ofisini."

Akaenda ofisini. Ofisini picha nzuri. Akaenda kwa jirani yake, mpima ardhi. Kwa jirani picha nzuri. Akarudi, akafungua waya nje kwenye tundu, akapuliza vumbi, akapangusa kwa shati, akafunga tena akikaza kwa vidole mpaka vikauma. Akaingia ndani. Chenga.

Mama akainua mkono wa kushoto. "Ta..." akasema. "Ta..."

"Tuli? Ndiyo, mke wangu, tutamwona Tuli. Usiwe na wasiwasi."

Jumatano akaazima waya wa jirani, mzima, mpya, akaufunga badala ya wake. Chenga. Akapanda juu ya paa kwa ngazi, mzee wa miaka hamsini na tisa, akatazama kama panya wametafuna kitu. Hakuna panya. Akashuka, akaingia ndani anahema.

"Ta... chi..."

"Chai? Ngoja nikuchemshie." Akachemsha chai.

Alhamisi akasema, basi ni televisheni yenyewe. Akaifungua kwenye rafu, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga, akaipeleka kwa mpima ardhi, akaichomeka huko. Picha safi! Unaona nywele za nyusi za mtangazaji. Akairudisha kwake, akaichomeka. Chenga.

Hebu jiwekeni mahali pake. Nguzo nzima. Waya mzima. Televisheni nzima. Kila kitu kikiwa peke yake ni kizima, kikiingia nyumbani kwako kinaharibika. Utamlaumu nani? Alhamisi hiyo alikaa kwenye ngazi ya mlango wa karavani, mgongo kwa mke wake asimwone uso, akasema polepole, "Mungu, miaka yote nimewatengenezea watu barabara za kwenda kwenye sherehe zao. Moja tu nimekuomba. Moja." Nyuma yake sauti iliita, "Ta... Ta..." Akasema bila kugeuka, "Nakuja, Mama Tuli, pumzika."

Kambi ilikuwa na fundi umeme mmoja, Fundi Swedi, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuweka bisibisi nyuma ya sikio. Wiki hiyo alikuwa mbali, kwenye machimbo ya kifusi, anafunga jenereta. Alirudi Ijumaa saa kumi jioni, na hata hajanawa mikono, Baba Tuli alishamshika kiwiko.

Fundi akavua viatu mlangoni, akaingia, akasimama akisikiliza. Baba Tuli akamweleza yote, waya, nguzo, paa, panya, televisheni kwenda kwa jirani na kurudi. Fundi akawa anaitikia tu. Kisha akauliza, "Ilianza lini?"

"Jumanne."

"Nani alikuwa humu ndani ilipoanza?"

"Mimi. Mimi peke yangu."

Fundi akatazama kitandani. "Na mama?"

"Mama anaumwa, fundi, unajua. Hawezi kusema."

"Najua. Lakini anaona?"

Baba Tuli akageukia kitanda.

"Mimi, mzee wangu," fundi akasema, "kifaa kikiharibika namuuliza kwanza aliyekuwa karibu nacho. Yeye anajua kuliko bisibisi yangu."

Akaenda akachuchumaa kando ya kitanda, uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa. "Shikamoo, mama."

Kimya.

Baba Tuli akafungua mdomo aitikie kwa niaba ya mkewe, kama alivyozoea. Fundi akainua kiganja, taratibu, bila kumtazama. Ngoja.

Ndugu zangu, hebu na sisi tungoje hapa. Msiseme neno. Nitahesabu mimi moyoni.

...

Mmeona? Sekunde kumi tu, na tayari watu watatu wamekohoa na mmoja ametazama saa. Kumi ni nyingi. Fundi Swedi alingoja zaidi ya hizo. Na kutoka kitandani ikaja, imepinda, imechanika, lakini nzima:

"Ma... ra... haba."

Baba Tuli alishika ukingo wa meza. Miezi minne hakuwa amelisikia neno hilo kinywani mwa mke wake. Na miezi minne watu walikuwa wakiingia humo wakimwamkia, naye mume akiitikia kwa haraka, "Marahaba, marahaba, karibuni."

"Mama," fundi akasema, "picha ilipoharibika ulikuwa unaangalia?"

Mama akakubali kwa kichwa.

"Uliona nini?"

Akangoja tena. Jasho likamtoka mama juu ya mdomo. Fundi hakumsaidia. Hakumtupia neno. Alichuchumaa tu, kana kwamba siku hiyo hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Taa," mama akasema. Akapumzika. "Chi... ni."

Na kidole cha mkono wa kushoto kikaelekea kwenye rafu.

Fundi akalala chali sakafuni, kichwa karibu na kitanda, akatazama kutoka pale anapotazamia mgonjwa. Chini ya rafu, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni hata akiinama, kulikuwa na kitufe, na pembeni yake taa ndogo ya kijani, inawaka.

"Kumbe," fundi akasema.

Akaeleza. Karavani za namna ile hutengenezwa kwa watu wa safari. Juu ina antena yake, kwa ajili ya mahali pasipo na kebo, na kile kitufe ndicho kinachoipa antena nguvu. Ukikiwasha, televisheni inafuata antena na kuiacha kebo. Na huko tambarare antena ile ilikuwa haikamati kitu. "Kitambaa chako cha Jumanne, mzee wangu. Ulikibonyeza ukipangusa." Akanyoosha mkono, akabonyeza. Taa ikazimika.

Picha ikatulia. Mwanamke mmoja alikuwa anafundisha kupika maandazi, na ungeweza kuhesabu maandazi.

Baba Tuli hakutazama maandazi. Alimgeukia mke wake. "Mama Tuli. Ulikuwa unajua?"

Akakubali kwa kichwa.

"Tangu Jumanne?"

Akakubali.

"Ulikuwa unaniambia."

Mama akamtazama. Hakukubali wala hakukataa. Sijui niiteje ile namna ya kutazama. Wanawake mliokaa na waume zenu miaka thelathini mnaijua.

Mzee alitaka kumlipa fundi, fundi akakataa. "Mimi nimebonyeza tu," akasema akivaa viatu. "Fundi ni yeye."

Jumamosi wakatazama. Mzee alimwegemeza mkewe kwa mito mitatu, akamfunga kitenge kipya, akavaa na yeye koti, ingawa hakuna aliyewaona. Saa nne na nusu kamera ikapita safu ya pili, na binti mmoja mwenye joho akatazama mbele akapunga mkono. Ilikuwa kama kufumba na kufumbua. Mama akainua mkono wa kushoto, akapunga naye. Mzee alipiga kelele mpaka mpima ardhi akaja kuuliza kuna nini.

Ningeweza kuishia hapo, tukaimba, tukaenda nyumbani tumefurahi. Lakini hapo ndipo mambo yalipoanza.

Sherehe zilipokwisha, mzee alizima televisheni. Akavuta kigoda, akakaa pale alipochuchumaa fundi. Akauliza, "Mama Tuli, nini kingine?"

Mama akamtazama.

"Kama ulikuwa unaniambia habari ya taa, na mimi sikusikia, nini kingine umekuwa ukiniambia?"

Kisha akafanya jambo gumu kuliko kuendesha greda mlimani. Akanyamaza. Aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, ikae, isikimbilie maji wala chai.

Mama akahangaika na mdomo wake. Ikatoka: "U... ji."

Mzee akainuka nusu. Uji! Anataka uji! Sufuria iko pale. Kisha akajikumbuka, akakaa tena. Akangoja. Mama akameza mate, akafumba macho, akalitafuta neno la pili huko lilikokuwa. Akalipata.

"Moto."

"Uji wa moto?"

Akakubali kwa kichwa.

"Unataka uji wa moto?"

Akatikisa. Hapana. Akainua mkono wa kushoto, akagusa ulimi wake kwa kidole.

Ndugu zangu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kwa miezi minne, mtu huyu aliamka kabla ya watu wote, akakoroga uji wa ulezi, akaweka maziwa, akamlisha mke wake kijiko kwa kijiko. Alikuwa anawahi kazini, basi aliulisha ukiwa umetoka motoni. Machozi yalimtoka mama, naye alimpangusa kwa upole akisema, "Usilie, mke wangu, utapona." Akidhani ni uchungu wa ugonjwa. Miezi minne alikuwa anamuunguza.

Na alikuwa anampenda.

Mzee yule aliweka kichwa chake pembeni ya godoro akalia kuliko alivyolia siku mkewe alipoanguka. Na mama, kwa ule mkono mmoja, alimpapasa kisogoni, akatoa sauti ambayo mzee kwanza hakuitambua. Alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha karibu, cha upande mmoja.

Sasa nasema na sisi.

Tunapohubiriwa juu ya mapenzi nyumbani, tunawafikiria wale wabaya. Wanaopiga. Wanaotelekeza. Tunakaa hapa tumetulia, maana sisi tunatunza, sisi tunapeleka hospitali, sisi tunalipa ada. Leo nawasema hao watunzaji, na mimi nikiwemo. Upendo wa mzee yule ulikuwa wa kweli, na uji ulikuwa wa moto. Vyote viwili, kwenye kijiko kimoja. Upendo haukuupoza uji. Ungepozwa na kuuliza, na baada ya kuuliza, kunyamaza.

Nyumbani kwako ni nani ambaye unamjibia? Ni mama mkwe ambaye sasa anarudiarudia maneno? Ni mtoto mwenye kigugumizi ambaye unammalizia sentensi kila siku? Ni mume asiye msemaji, uliyeolewa naye ukamzoea, ukiulizwa habari zake unasema, "Aa, huyu hana neno"? Ana neno. Mimi mtumishi wenu nina baba yangu mdogo chumba cha uani. Masikio yake yamekufa, na anasema kwa sauti ya chini mno. Mimi humwitikia "ndiyo, baba" nikipita na ndoo. Sijui nimekubali mambo mangapi. Nimeogopa nilipoyafikiria haya.

Na tunashangaa kwamba Mungu yuko kimya! Tunapanda paa, tunakagua panya, tunamlaumu, huku aliyepewa neno la kutuambia amelala chumba cha pili na anahitaji nusu dakika.

Yeye Mungu mwenyewe hutungoja. Ndugu zangu, nani kati yetu anaomba vizuri? Tunakuja mbele zake na maneno yaliyovunjika, tukisema "ta... chi..." tukimaanisha "taa chini", naye haondoki kwenda kuchemsha kitu ili tunyamaze. Anachuchumaa. Anangoja neno la pili.

Basi leo sitatoa ombi la mwisho. Nendeni nyumbani. Kabla ya kupakua chakula cha mchana, mtafute yule mmoja, vuta kigoda, kaa uso wako uwe sawa na uso wake. Muulize kuna jambo gani amekuwa akikuambia. Mikono yako ikalie. Na akishasema, lolote lile, hapo ndipo useme amina.